Shangazi Aliponiandaa kwa Daktari

Wiki ile tulipokuwa tunajiandaa kwenda Jinja, harufu ya vitunguu vya jirani ilinichefua mpaka nikamgombeza mwanamke wa watu bure. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga chumba kimoja Namakwekwe, hapo Mbale, na ukuta uliotutenga na jirani haukuzuia harufu wala siri. Akitia vitunguu kwenye mafuta, mimi huyo nje, mbio, mkono mdomoni. Nilijiambia ni woga. Mtu anakwenda kuulizwa na daktari kwa nini hazai, atakosaje kuchafukwa roho?

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Nilikuwa nimeolewa miaka mitatu, na tumbo langu lilikuwa bapa kama siku niliyoingia. Mume wangu alikuwa fundi cherehani, anashona barazani kwenye duka la jumla la Mhindi mmoja. Alikuwa mume mpole, mpole kiasi cha kuniudhi. Mamake alimwambia jambo akaitikia, mimi nikamwambia kinyume chake akaitikia vilevile. Na mamake, aliyekuwa akikaa Buwenge, alikuwa ameshaamua. Msichana alikuwa amepatikana huko huko, mtoto wa watu wa dini, na mbuzi walikuwa wamekwisha kufika kwa wazazi wake. Mama mkwe hakuficha. Alinitumia salamu kwa mdomo wa shemeji: nenda ukapimwe, daktari akisema kizazi kimefunga, basi msichana analetwa, na wewe utachagua kukaa umpikie uji akizaa, au kurudi kwa baba yako.

Habari za daktari mwenyewe zililetwa na mke wa yule Mhindi mwenye duka. Alimwambia mume wangu kwamba Jinja kuna daktari mwanamke, Mhindi mwenzao, anayetazama matatizo ya akina mama, na wako waliotoka kwake wakazaa. Mume wangu akaniletea habari hiyo jioni, anatazama miguu yake. Nikamuuliza, "Na wewe utakuja upimwe?" Akacheka kidogo, akasema cherehani haina mtu wa kuishika. Nilitamani kumrushia sufuria.

Kwa hiyo aliyekuja ni shangazi yangu, dada wa baba, yule ambaye huku kwetu huitwa senga. Asiyejua kazi ya senga nimweleze kwa ufupi: mambo ya ndani ya msichana si ya mama yake, ni ya shangazi. Yeye ndiye humfunda, humwogesha, humpeleka kwa mume, na panapokuwa na aibu ya kusemwa, husema yeye. Wangu alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuuza sokoni, na alinipenda kuliko watoto wa tumbo lake. Nalisema hili mapema ili mtu asije akamhukumu vibaya.

Alifika na furushi lake la nguo, akakaa kwenye kigoda, akajitanda kanga begani. "Haya, mimi ndiye daktari," akasema. "Unaumwa nini, mama?"

"Sizai."

"Ebo! Hivyo hivyo? Kama mtu anayeagiza chumvi? Sema kwa adabu. Sema, nimekaa na mume wangu kwa salama, Mungu hajatujalia."

Nikasema kwa adabu. Akaniuliza kama mume wangu hunijia, mara ngapi, na kama huwa na nguvu. Nikaziba uso kwa kanga kwa kicheko, akanichapa kofi la paja. "Cheka hapa, usicheke kule. Wahindi hawachezi." Tukaendelea hivyo hadi akaniuliza habari za mwezini. Hapo nikamwambia ukweli, kwamba siku zangu zilikuwa za wazimu tangu usichana, zinakuja zitakavyo, na safari hii sijaona kitu mwezi huu wala ule uliopita.

Shangazi akapiga magoti yake kwa viganja vyote viwili, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

"Basi ndiyo hiyo! Uchafu umeganda. Damu ya miezi imelala humo ndani, mtoto atapita wapi? Na wewe ulitaka kwenda hivyo kwa daktari, akuchungulie akute takataka? Atasema wewe hukuwa na mtu wa kukufunza. Aibu hiyo ni yangu, si yako."

Kwetu, mwanamke husafishwa tumbo kabla ya kila jambo kubwa: kabla ya kupelekwa kwa mume, baada ya matanga, baada ya kuharibikiwa. Ni heshima, kama kufagia ua kabla ya wageni. Shangazi alikuwa amewasafisha mabibi harusi wa nusu ya mji. Akapanda kwenye vijiji vya juu, upande wa mlimani, akarudi na mizizi aliyoijua yeye, akaichemsha mchana kutwa kwenye sufuria yangu. Ilikuwa chungu isiyo na mfano. Nilikunywa asubuhi na jioni, na yeye amesimama mbele yangu, mkono kiunoni, mpaka bakuli liwe tupu.

Siku ya pili yake nikamwambia mwili wangu unakataa. Kuna kitu kilikuwa kinaniambia niache, sijui nikiite nini. Nilikuwa na hofu isiyo na kichwa wala miguu, nikakaa nimekumbatia tumbo kama linataka kuibiwa. Shangazi akasema dawa ya kweli haina utamu. Nikanywa.

Tulipanda basi alfajiri. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, mashimo matupu, na kila basi liliporuka, kitu kilivutika chini ya kitovu changu. Kabla hatujafika Iganga nikahisi joto la damu. Nikamnong'oneza shangazi. Uso wake ukang'aa, wallahi ukang'aa!

"Alhamdulillahi! Unatoka uchafu. Umeona sasa? Utafika kwa daktari u safi, mweupe."

Alinikunjia kanga ya pili, akaniwekea chini yangu, akaanza kuimba polepole nyimbo za kumtoa bibi harusi. Mimi nilikuwa nimeuma ncha ya ushungi kwa maumivu. Nje miwa ilipita, pamba ikapita, watu wakipungia basi mikono, na mimi nikiwachukia wote kwa uzima wao.

Jinja, mama mkwe alikuwa ametutangulia. Alikuja kutoka Buwenge na lori la pamba, akaketi kwenye benchi la baraza ya daktari na mkoba wake mapajani, amevaa gomesi safi, lile gauni refu la heshima, kama aliyealikwa. Tukapiga magoti, tukamwamkia. Akaitikia, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema, "Mbona umekauka midomo?" Shangazi akajibu kwa niaba yangu kwamba ni vumbi.

Mwuguzi alipoita, shangazi akainuka nami. Mwuguzi akamzuia mlangoni: mgonjwa peke yake. Loo! Shangazi akabishana, akamwambia yeye ndiye msemaji, mtoto huyu hajui kusema mambo hayo. Mlango ukafungwa usoni pake.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele zimeanza mvi, sari yake ameifunika koti jeupe. Nilianza yale maneno yangu ya adabu, nimekaa na mume wangu kwa salama, nikafika kwenye "Mungu hajatujalia" yeye akanyanyua mkono ninyamaze. Alikuwa ameona kanga yangu. Akanilaza. Sitasema aliyoyafanya. Alipomaliza alinawa mikono muda mrefu, amenipa mgongo.

"Wewe kunywa dawa gani?" akaniuliza.

Nikamwambia dawa ya kusafisha.

"Kusafisha nini?"

Hakungoja jibu, akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Sikiliza, mama. Mimba ilikuwa iko. Miezi miwili, labda tatu. Wewe hapana tasa. Sasa mimba kwisha toka. Ile dawa kali sana, tumbo yote ndani kwisha umia. Mimi tajaribu. Lakini sasa mimi hapana jua kama tapata ingine."

Nililia kwa sauti. Kilichoniuma kwanza hakikuwa hata mtoto, Mungu anisamehe, ni vile vitunguu. Alikuwa yeye. Siku zile zote alikuwa yeye, ananiambia yupo, nami nikamgombeza jirani.

Walinilaza hapo mpaka jua likageuka, wakanidunga sindano, wakanipa vidonge. Ndipo nikatoka barazani, na wote wawili wakasimama kwa pamoja.

"Amesema nini?" mama mkwe akauliza.

Nilimtazama yeye, kisha shangazi. Shangazi alikuwa anatabasamu, anangoja kusifiwa. Mwanamke yule, kama ningesema neno moja tu, dawa, mama mkwe angemla nyama pale pale kwenye benchi. Na asingemwacha: habari ingefika Buwenge, ingefika Mbale kabla yetu, na kila aliyewahi kunyweshwa naye akakosa mtoto angekuja mlangoni kwake. Na yeye mwenyewe je, angelala vipi?

"Amesema mimi si tasa," nikasema. "Nilikuwa na mimba. Imetoka leo, njiani. Ni basi. Ni mashimo ya ile barabara."

Mama mkwe akakaa chini kwa kishindo. Nilidhani atanitukana, kumbe akaanza kulia, machozi ya kweli, akanivuta mkono nikakaa karibu yake. "Kumbe anashika," akawa anarudia. "Kumbe mtoto huyu anashika." Akasema wale mbuzi wangerudishwa, kwanza tungoje, anayeshika mara moja hushika tena. Sikuwahi kuguswa na mwanamke yule kwa upole kabla ya siku hiyo, na nikajiona mwizi, maana lile la kwamba huenda nisipate ingine sikulisema.

Shangazi, tabasamu lilikuwa limemtoka.

Tulirudi kesho yake. Hakuimba. Hakula. Tulipokaribia Mbale, mlima umeshaonekana, akanigeukia na kusema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo.

"Ni barabara, au ni mimi?"

"Ni barabara, shangazi."

"Niapie."

Nilikuwa sijawahi kuapa uongo. Baba yangu alitulea kwamba jina la Mungu halichezewi. Nikamtazama mama yule mnene, nikaona kwamba jibu langu ndilo litakaloamua azeeke vipi.

"Wallahi," nikasema. "Ni barabara."

Akashusha pumzi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akanikumbatia mbele ya abiria wote. "Alhamdulillahi," akasema. "Nilidhani ni mimi."

Sikushika mimba tena. Vidonge nilimeza, Jinja nilirudi mara kadhaa, na mama mkwe akangoja kuliko nilivyotarajia, halafu akachoka, na yule msichana akaletwa. Ni mtu mwema, watoto wake waliniita mama. Shangazi ndiye hakukubali. Alizeeka na hasira ile. Kila alipokuja kunitembelea na kukuta wanangu wa kulea tu wakicheza uani, aliilaani Serikali, akamlaani dereva wa basi, akayalaani mashimo yote toka Mbale mpaka Jinja. "Barabara ile, mwanangu," alikuwa akisema, "imekumalizia kizazi."

Nami namjibu, "Ndiyo, shangazi."