Kijembe Kilichokuwa Tayari

Nilichukua kijembe bora kuliko vyote hapa nyumbani, nikakitia motoni, ili nitengeneze kijembe. Usirudie kusoma, hujakosea.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Tlawi kwenda sokoni Dongobesh kwangu ni adhabu, na kila nikienda narudi na hasira. Huko wanauza visu vinavyopinda ukimenya kiazi, na vijembe vyembamba kama mfuniko wa sufuria. Niliwadharau wauzaji, nikawadharau na wanunuzi, nikaapa vya kwangu nitafua mwenyewe. Elimu ninayo: kidato cha nne, na video ya kwenye simu ambayo bando lilikatika kabla haijaisha.

Nikajenga tanuri nyuma ya jiko. Mvukuto wa kupulizia moto niliushona kwa ngozi ya mbuzi, kama wahunzi wa kule uwandani Hanang, ila wao ngozi huiandaa kwanza. Yangu ilinuka mpaka mbwa akahamia kwa jirani. Jirani huyo huyo, mzee asiye na maneno mengi, ndiye aliyeniazima nyundo.

Chuma nilikikuta kimechomekwa kwenye paa la jiko: jembe lililolika hadi likabaki upana wa kiganja. Nikacheka peke yangu. Hawa wanawake hawatupi kitu! Lilikuwa hata na mpini mfupi, umelainika kwa kushikwa. Mpini nao ukawa kuni.

Mke wangu alikuwa Nangwa kumwangalia mama yake. Aliporudi alikuta magugu yamevikaba vitunguu swaumu. Mistari yetu imebanana. Ukiingiza jembe kubwa unakata kitunguu, na vitunguu hivyo ndivyo sare za watoto, ndivyo chumvi, ndivyo kila kitu. Akapapasa paa.

"Baba watoto, kijembe changu kiko wapi?"

Nikamkabidhi kazi yangu kwa mikono miwili, kama zawadi ya harusi.

"Nimeuliza changu. Kile alichonipa mama. Alilimia miaka yote mpaka kikaisha, ndiyo kikaweza kupita kwenye mistari."

"Ndicho hicho. Nimekiboresha tu."

Akakipiga ardhini mara moja. Kikavunjika kama biskuti. Nilikuwa nimekitosa kwenye maji baridi kikiwa chekundu. Nadhani hatua inayofuata hapo ndiyo ile ya video niliyonyimwa na bando.

Alinyoosha kidole shambani, nikaenda, fundi mzima, nikapiga magoti nang'oa magugu kwa vidole. Yeye alishika mstari wa pili, akipalilia kwa kijiko cha chai. Tulikuwa hatujafika popote jirani alipokuja, akasimama ukingoni, akamtazama mke wangu na kile kijiko chake.

"Shikamoo," nikasema, nikiwa chini vile vile.

"Marahaba. Nyundo yangu iko wapi? Naondoka nayo. Nikikuachia, mkeo atapalilia kwa meno."