Kumbukumbu Iliyokosa Dirisha

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mwanangu, nikiwa karani wa mapokezi katika hoteli ndogo pale Diani. Kompyuta yetu kuukuu ilikuwa imeongezwa kumbukumbu, lakini programu ya kupangia wageni vyumba ikagoma, ikidai kumbukumbu haitoshi. Meneja alisema Musyoka, kijana wa Machakos aliyeiongeza, ameiharibu. Programu isipofunguka kabla ya wageni wa mchana kufika, afunge virago arudi kwao.

Nilimhurumia sana. Hakuna aliyemtetea, maana Musyoka hakujua kuamkia. Alikuwa akiingia jikoni asubuhi na kuuliza chai iko wapi, mbele ya watu wazima! Sisi wa pwani unatujua: asiyeamkia, hata akisema jua limechomoza, tutatoka nje kuhakikisha.

Bi Mwanakombo, msimamizi wa jikoni, ndiye aliyemkalisha, akamtilia chai, akamwuliza kulikoni.

"Mama, memori iko," Musyoka alisema. "Lakini hii programu ni ya zamani, haiwezi kuifikia. Lazima nigeuze kiasi cha hiyo memori, programu iwe inapitishiwa kidogo kidogo kwa dirisha."

Bi Mwanakombo akatazama kile kidirisha cha ukutani tulichopitishia sahani kwenda kwa wageni. "Kama hili?"

"Kama hilo tu."

Akaenda mwenyewe kumwombea muda kwa meneja. Musyoka akaandika mstari mmoja katika faili ambalo mashine husoma inapowaka, akaizima, akaiwasha tena. Programu ikafunguka, na vyumba vyote vikaonekana. Nilitamani kulia kwa furaha.

Bi Mwanakombo akatugeukia sisi. "Adabu anayo huyu. Nyinyi mwataka ipitie dirisha lenu tu." Kisha akamwambia Musyoka kwa upole kwamba kwetu mkubwa huamkiwa kwanza, chai baadaye.

Kesho yake kichwa cha Musyoka kilichungulia kidirishani. "Shikamoo, Bi." Jiko zima tuliitikia marahaba, hata vijana wenzake wasiostahili shikamoo.

Mwanangu, usione mtu kimya ukadhani ni mtupu. Ukimwona mgeni hapokei kwenu wala hatoi, usimfukuze. Mwulize kwao adabu hupitishwa wapi. Nawe ukiwa ugenini, jifunze dirisha la wenyeji, wala hutapungukiwa na kitu. Mola akujaalie moyo wa subira, na siku utakapoponzwa na ugeni, akuletee mtu wa kukutilia chai kwanza.