Samli Ndani ya Redio

Ipo siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mjukuu wangu, ila bibi yako asisikie. Ni siku niliyoingia mjini Shinyanga na redio kwapani, nikaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya duka la Mama Zainabu, nikaanza kufoka kabla hata ya kusalimia. Mimi huyo, niliyelelewa kuamkia kwanza, mengine baadaye. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na hasira ya mtu aliyekosa kusikiliza mpira.

Redio ile niliinunua msimu ambao pamba yetu ilikubali. Miaka hiyo ya sabini, kijijini kwetu, njia ya Mwadui, redio ilikuwa mgeni wa heshima. Ilifumiwa kitambaa chake, ikapewa meza yake, na wazee waliokuja kusikiliza taarifa ya habari walivua kofia mlangoni. Mimi starehe yangu ilikuwa mpira. Sikuwa mchezaji, na miguu yangu unaiona, lakini mtangazaji akianza kutaja majina ya wachezaji nilikuwa nauona uwanja mzima. Kila Jumapili vijana wenzangu walijaa uani kwetu, nami nilikaa karibu na redio kama mwenyekiti wa tawi.

Huyo Mama Zainabu alikuwa mjane wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa hapo hapo mjini, na Kisukuma alikizungumza kuliko karani wetu wa kijiji. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi. Alipofariki, watu walidhani duka litageuka la vitambaa. Mama akashika bisibisi. Alijifunza kwa kufungua redio mbovu moja baada ya nyingine mpaka zikamzoea, na mimi sijaona tena mikono yenye subira kama ile. Alikuwa na utaratibu wake: hakukuuzia redio mpaka aifungue kifuniko cha nyuma mbele yako na kukuonyesha ndani. Alisema anataka uione ikiwa safi. Wengi tuliona anatuchelewesha tu.

Basi, redio yangu ilipofikisha miezi kadhaa, kile kitufe cha kutafutia stesheni kikaanza kuwa kigumu. Kikalia kidogo, kwii, kila nikikizungusha. Sasa wewe elewa kwetu tulivyokuwa. Sisi ni wafugaji, na kitu kikikauka kinapakwa. Ngozi ya ngoma ilipakwa mafuta, mpini wa jembe ulipakwa, mnyororo wa baiskeli ulipakwa, na watoto tulipakwa mpaka tukang'aa. Nikachukua samli kwenye kibuyu cha mama, nikachovya unyoya wa kuku, nikaupitisha pembeni ya kitufe. Kikalainika vizuri sana. Nilifurahi nikarudia siku ya pili, na ya tatu nikamimina kidogo ili ifike ndani. Moyoni nilijiona fundi.

Wiki iliyofuata redio ikaanza kukoroma. Halafu Jumapili, uani pamejaa watu, mpira umeanza, ikanyamaza kabisa. Nilibadilisha betri, nikaipiga kofi, nikaibembeleza. Wapi. Vijana waliondoka mmoja mmoja, na mmoja akasema redio za mjini siku hizi ni za kudanganyia watu wa shamba. Neno hilo lilinikaa moyoni. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio, na gulioni watu wanatoka vijiji vyote. Kila aliyenisalimia nilimpa habari moja: Mama Zainabu anauza redio mbovu, kanifanya mjinga. Nilisema hivyo tangu asubuhi mpaka watu wanafunga mizigo. Samli sikuikumbuka hata kidogo, na hapo sikudanganyi.

Ndipo nikaenda mjini kufoka. Dukani walikuwamo wazee watatu wa vijiji vya jirani, wameketi kwenye benchi. Nikaiweka redio mezani kwa kishindo.

"Mama, umeniuzia mzoga," nikasema.

Hakukunja uso. Aliniangalia, akasema taratibu, "Marahaba, baba." Wazee wakacheka, maana shikamoo sikuwa nimeitoa. Akafungua kifuniko cha nyuma, akainamisha kichwa, akanusa. Kisha akakirudisha kifuniko upesi, wazee wasione.

"Imeziba kidogo," akasema kwa sauti ya kusikika. "Njoo huku nyuma unishikie taa."

Kule nyuma hakukuhitaji taa, palikuwa na dirisha kubwa. Akaifungua tena, akanigeuzia. Ndani palikuwa na njia ya sisimizi, mwanangu. Walikuwa wameingia kufuata samli, wamekwama humo, wamekaukia kwenye nyaya, na vumbi la njia ya Mwadui limeganda juu yao. Harufu ilikuwa ya jikoni kwetu kabisa.

"Uliipaka nini?" akauliza.

"Samli."

"Ya ng'ombe wenu?"

"Ndiyo, mama."

"Ni samli nzuri," akasema. Nikatamani ardhi inimeze. "Sikutaka kusema pale mbele. Wale ni wazee wa kwenu, wangekucheka mpaka siku unaoa."

Akanipa pamba na kichupa cha spiriti, akavuta kigoda, akaniambia nisafishe mwenyewe. Alinielekeza waya kwa waya. Nikitumia nguvu ananigusa mkono, nikifanya vizuri ananyamaza. Nadhani tulikaa humo hadi adhana ya alasiri. Redio ilipolia tena alicheka kama mtoto, na kusema kweli nilimpenda siku ile kama mama yangu. Nilipotoka, wazee wakauliza ilikuwa na nini. Yeye akanitangulia kujibu kwamba ni ubovu wa kawaida, na wajibu wa duka ni kurekebisha. Aliubeba ubovu wangu mbele ya watu kwa jina lake. Mimi nikanyamaza, nikapanda baiskeli.

Kosa langu kubwa si samli. Ni ule ukimya niliopanda nao baiskeli.

Msimu uliofuata rafiki yangu Masanja alipata pesa ya redio. Nikamuuliza ataenda mjini lini. Akaniambia yeye anapanda basi la Mwanza.

"Mwanza kufanya nini, na Shinyanga ipo hapo?"

"Si wewe uliyesema kwa Mama Zainabu ni wezi? Kijiji kizima kinajua. Hata kule Ngokolo shemeji yangu hanunui tena kwake."

Neno wezi sikulisema, lakini lilikuwa limekua njiani lenyewe. Siku ya pili nikaenda mjini. Ulikuwa wakati wa pamba, maduka mengine watu wanasukumana, na kwa Mama Zainabu benchi lilikuwa tupu. Alikuwa anafuta vumbi kwenye redio ambazo hakuna aliyezigusa. Safari hii nilitoa shikamoo, nikamweleza yote, gulio na maneno yangu, nikamwomba msamaha.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimekusamehe, baba. Lakini mimi nilikuwa najua redio yako ilikuwa na nini. Wasiojua hawako humu dukani."

Hakusema zaidi, wala hakunituma. Akaendelea na kitambaa chake.

Nilizunguka na neno hilo siku tatu. Kumwomba yeye msamaha kulikuwa rahisi, alikuwa mtu mmoja na mpole. Gulio lilikuwa kitu kingine, maana msichana niliyemtaka alikuwa anauza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, pale pale na mama yake. Lakini siku ya gulio ilipofika nilipanda juu ya robota la pamba, nikaita watu. Nikawaambia kwamba redio ya Mama Zainabu ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeitia samli kwa unyoya wa kuku, sisimizi wakaingia, na yeye alinificha nisiaibike, nami nikamwacha aaibike.

Walicheka, mwanangu. Walicheka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo wakaniita Samli, na wale wa rika langu waliobaki wananiita hivyo hadi leo. Msichana wa michembe naye alicheka, na ndiye bibi yako, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa. Masanja alifuta safari ya Mwanza, akanunua Shinyanga. Wengine walirudi polepole. Wengine hawakurudi kamwe, kwa sababu neno baya walilisikia na la kulisahihisha halikuwafikia. Hao ndio wanaoniuma mpaka sasa.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona na simu yako. Umemwandika mtandaoni yule kijana wa duka la Buseresere kwamba ni tapeli, na unasema watu mia kadhaa wamesoma. Labda ni tapeli kweli, sijui. Lakini nilipokuuliza kama umerudi kwake akakifungua alichokuuzia mkaangalia pamoja, ulinijibu kwamba huna muda.

Tafuta huo muda. Kitu kikikuharibikia, anza na mikono yako mwenyewe: kumbuka ulikigusa wapi, ulikimwagia nini. Kisha nenda kwa aliyekuuzia, msalimie, na mtazame ndani wote wawili. Akiwa amekudhulumu, mdai haki yako bila woga, mimi nitasimama nawe. Ukiwa umekosea wewe, usimnong'oneze yeye peke yake pembeni. Wafuate wale wale uliowaambia, wote, na uwaambie kwa sauti ile ile, hata kama watakucheka.

Mungu akupe macho ya kuona ndani ya vitu kabla ya kuvihukumu, na akukutanishe na watu wa kukuficha aibu yako kama nilivyofichwa mimi. Na siku akikukutanisha nao, akupe miguu ya kurudi gulioni.