Tenga la Manjano la Marehemu Mke Wangu

Novemba 1911, mvua za vuli hazijashuka, mke wangu alifariki kwa homa nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Uluguru juu ya Morogoro. Matanga hayajaisha, nikapoteza na mbegu yake ya manjano. Nayaandika pamoja kwa kuwa yalitokea pamoja, si kwa kuwa yana uzito mmoja.

Shamba lilikuwa la ukoo wake. Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na mume hulima ukweni. Manjano ya kwanza tuliyapata kwa Mhindi mwenye duka mjini; yalikuwa membamba, yamepauka ndani. Mke wangu ndiye aliyeona kwamba hayafanani yote. Majani yakiwa bado mabichi, alifunga ukambaa wa mgomba kwenye mashina yaliyochipua vizuri bila kuoza. Wakati wa kuvuna tuliyachimba hayo peke yake. Alivunja kidole kimoja cha mzizi wa kila shina akakisugua kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha rangi nzito, kilikwenda kwenye tenga la mbegu. Vilivyopauka tulivichemsha, tukavianika, nikavipeleka mjini kuuza.

Mama mkwe alimcheka. "Mwanangu, kizuri unakifukia, kibaya unakipeleka sokoni. Umerogwa?"

"Mama, nikiuza kizuri, mwakani nitafukia nini? Mate?"

Kazi hiyo ilichukua misimu mingi. Mwaka mmoja mvua ilizidi, karibu yote yakaoza, akaanza upya na machache. Msimu wake wa mwisho alivunja kidole akanionyesha. Ndani kilikuwa na rangi ya papai lililoiva. Tukakubaliana tusiuze hata kimoja, yote yapandwe. Tukayalaza kwenye tenga, tukayafunika kwa majivu, tukangoja mvua. Homa ikatangulia.

Kwenye msiba walikuja watani wa ukoo wake, kama ilivyo desturi. Wao ndio wachimbao kaburi, ndio wapishi, ndio wamtaniao marehemu ili waliobaki wapate kupumua. Mtani hakasirikiwi. Nikiwa ndani nilimsikia mmoja wao, mama wa makamo, akipiga kelele jikoni:

"Njooni muone uchoyo! Kafa kaacha tenga zima chini ya majivu! Alidhani atarudi kulichukua?"

Watu walicheka. Hata mama mkwe alicheka huku analia. Nilidhani yatakuwa maneno tu.

Asubuhi nilipotoka niliyakuta manjano yote uani, juu ya mkeka, yamechemshwa na kukatwakatwa.

"Usinishukuru, mtani," yule mama aliniambia. "Mvivu wako kaacha kazi, tumeimalizia. Mgane asiyejua kuchemsha hata maji, manjano angeyawezea wapi?"

Nilimshukuru. Alikuwa amepanda na maji kutoka mtoni tangu alfajiri, na kuni alizikata mwenyewe. Kwao hawalimi manjano. Hakujua kwamba yakishachemshwa hayaoti.

Watu walipotawanyika nilichagua vipande vigumu, nikitumaini moto haukuvifikia vizuri. Nilirudi pia pale tulipovuna, nikachimba masalia. Nilipata machache, nikayavunja. Yalikuwa yamepauka, ya aina ile ya Mhindi. Mvua ziliposhuka nilivipanda vile vipande vigumu, nikapalilia udongo mtupu.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alivumilia kuliko desturi inavyotaka, maana matanga yakiisha mgane hurudi kwao na shamba hubaki kwa ukoo wa mke. Siku moja alikuja akasimama pembeni ya tuta.

"Shemeji, humu umepanda nini?"

"Manjano."

Alichutama, akachimbua kipande kimoja kwa mkono. Kilibonyea katikati ya vidole vyake kama ugali. Akachimbua cha pili, nacho vilevile.

"Basi, shemeji," alisema taratibu.

"Basi," nikasema.

Aliwaita dada zake waliokuwa wakisubiri njiani na mbegu za maharage. Nilishika jembe, nikawasaidia kupanda mpaka tuta la mwisho, kisha nikaenda kwa mama yangu.