Uji Niliomwaga Migombani

Mimi ni mwoga, nakiri. Nyoka hawanitishi sana, na giza nimelizoea. Ninachoogopa ni watu, hasa wanaonitendea wema bila sababu ninayoiona. Uoga huu sikuzaliwa nao. Uliingia kupitia televisheni ndogo ya sola, ambayo mume wangu alininunulia alipokwenda Mwanza kwenye kazi ya ujenzi, ili nisiwe mpweke huku kijijini Kamuli na mimba ya miezi mitano.

Upweke wenyewe ulikuwa wa kujitakia, maana mama mkwe wangu aliishi hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Nyumba mbili, yake na yetu, kwenye kibanja kimoja, yaani shamba la migomba na kahawa. Mimi nimetoka Muleba, familia ya Kilutheri. Kwao ni Wakatoliki hasa, wa misa ya alfajiri na rozari. Nisimsingizie, alinipokea vizuri. Ni mama wa maneno machache, na kila asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliniitikia marahaba huku ananikagua miguu kama imevimba.

Saa kumi jioni tulikaa wote kutazama tamthilia. Ilikuwa ya nchi za mbali, imewekewa sauti za Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na mama mkwe tajiri, mpole, mwenye tabasamu wakati wote, na huyo ndiye aliyekuwa akimtilia mke wa mwanawe matone ya sumu kwenye juisi. Leo tone, kesho tone. Binti wa watu ananyong'onyea, na mama mkwe huyohuyo ndiye anayemfuta jasho. Mawe, mama yangu! Nilikuwa napiga kelele kabisa, "Usinywe, mjinga wewe!" Mama mkwe wangu Kiswahili cha harakaharaka kinampita, kwa hiyo nilimtafsiria, naye huku anachambua maharage anasonya na kusema yule mama atakufa vibaya.

Halafu siku moja aliniuliza, "Amemwekea nini humo?" nikajibu, "Sukari."

Nilisema sukari kwa sababu niliogopa asije akajifunza. Ukitaka kucheka, cheka, mimi mwenyewe leo nacheka kidogo. Siku ile sikucheka. Niliitazama mikono yake kwenye ungo wa maharage, nikalifunika tumbo kwa kanga.

Katikati ya tamthilia kulikuwa na matangazo. Moja lilikuwa la kinywaji chekundu cha chupa. Mama mjamzito anakunywa, mshale mwekundu unampanda kutoka tumboni hadi mashavuni, sauti nzito inasema damu imejaa. Vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa kliniki vilikuwa vinanichefua, basi nikavificha chini ya godoro na kuanza kununua chupa dukani. Kila nikinywa nilijipapasa mashavu. Kichwani mwangu ule mshale ulikuwa unapanda kweli.

Kwaresima ikaanza. Ijumaa moja mchana mama mkwe aliniletea kikombe cha uji wa ulezi. Sasa, huku kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, iwe rubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe uji, iwe maziwa. Ndivyo anavyokuambia bila maneno kwamba hakuna baya humo ndani. Siku zote alikuwa anaonja. Siku ile alikiweka kikombe mezani, akasema, "Kunywa wewe, mimi leo hapana," akageuka akaenda zake.

Alikuwa amefunga. Kila Ijumaa ya Kwaresima hatii kitu mdomoni mpaka jioni, ndivyo alivyolelewa. Nyumbani kwetu hatukufunga hivyo, na mimi niliolewa baada ya Pasaka, Kwaresima yake sikuwahi kuiona. Ningeuliza swali moja tu ningejibiwa. Badala ya kuuliza nikakitazama kile kikombe nikaona juisi ya kwenye tamthilia. Nikakichukua, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwaga uji wote kwenye shina la mgomba.

Tangu siku hiyo sikula tena cha mkono wake. Akileta ndizi na maharage nasema nitakula baadaye. Akileta dodo, mchicha wetu wa huku, nasema ameshiba mtoto. Nikaishi kwa chai, mandazi na chupa nyekundu. Mwezi wa kwanza nikajiona mjanja. Wa pili nikaanza kuchoka nikiwa nimekaa. Nikitembea kutoka jikoni hadi mlangoni moyo unanienda mbio, masikio yanavuma, kucha zimekuwa nyeupe.

Mtu mwenye akili timamu angesema, mama, huli. Mimi nilisema, sumu imeanza kufanya kazi. Ndivyo alivyokuwa yule binti, hatua kwa hatua, na mimi namfuata. Kadiri nilivyodhoofika ndivyo nilivyozidi kuamini, na kadiri nilivyoamini ndivyo nilivyozidi kukataa chakula. Labda ameipaka kwenye vikombe, nikawaza, nikaanza kunywea chupa yenyewe. Nilitaka kumwambia mume wangu kwenye simu, lakini yule binti alipomwambia mumewe alifukuzwa kama mbwa. Nikanyamaza. Nilikuwa nashika tumbo nikisubiri mtoto acheze, na akichelewa kucheza nilijigeuza ubavu huu na huu ili nimwamshe. Nilijua kabisa kwamba mtoto wangu anauawa, na muuaji anakuja kila siku kuniuliza nimeamkaje.

Nilianguka shambani katikati ya mibuni, mchana kweupe. Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya bodaboda, nimebanwa katikati, dereva mbele na mama mkwe nyuma amenikumbatia tumbo kwa mikono miwili. Nikajaribu kumsukuma. Sikuwa na nguvu hata ya kuinua kiwiko. Nikasema kimoyomoyo, basi, ananipeleka kunimaliza.

Hospitali walinipima damu, nesi akaangalia majibu mara mbili. Akaweka kidude chake cha kusikilizia mtoto, akakihamisha huku na huku tumboni. "Yupo," akasema. "Lakini mapigo yake si mazuri. Ungekaa nyumbani wiki moja tu, tungewapoteza wote wawili." Wakanitundikia chupa ya damu, wakaandaa ya pili.

Kisha akaniuliza nilikuwa nakula nini. Nikamtajia kinywaji chekundu. Akashangaa. "Hiyo ni sukari na rangi, dada. Na chakula je? Nani anapika nyumbani?"

Nikageuzia uso ukutani. Nesi akamgeukia mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda na matope ya shambani bado kwenye kanga. Wodi ilikuwa imejaa, na wanawake wawili walikuwa wa parokia yake. "Mama, shikamoo. Samahani, lakini huyu mkweo mnamlisha nini? Mtu anakonda hivi na mimba, nyie mpo, mnamtazama?"

Nilitaka kusema. Niliogopa waseme nina wazimu, wanirudishe kwetu Muleba.

"Kosa ni langu," mama mkwe akasema, kwa kile Kiswahili chake cha polepole. "Chakula kilikuwa kidogo."

Kwa mama mwenye kibanja kama chake, kusema hivyo mbele za watu ni kujivua nguo. Wale wawili wa parokia waliangalia pembeni. Nesi akatikisa kichwa, akamwelekeza jinsi ya kumlisha mjamzito, moja baada ya moja, kama anamfundisha mtoto, naye akaitikia kila neno.

Nesi alipoondoka akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa changu, akaongea Kinyambo, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

"Kuku niliwaona siku ile wakila ule uji migombani," akasema. "Sijui nilikukosea nini, na leo sikuulizi. Pona kwanza, mwanangu. Kuniogopa utaendelea nako nyumbani."

Nikalia kwa sauti, mpaka nesi akarudi mbio kuuliza sindano inaniuma wapi.