Mtoto wa Kwenye Kioo

Mama mmoja fundi cherehani aliogopa kitu kimoja tu duniani: kikohozi cha mtoto wa mwenzake. Msimcheke. Kifungua mimba wake alikipata mkekani kwa jirani, akicheza na wenzake, na wiki haikuisha wakamzika.

Wa pili alipozaliwa, mama alimlinda kama mboni ya jicho. Mwaka mzima mtoto aliishi miguuni pa cherehani, na rafiki yake alikuwa mmoja: yule mtoto wa kwenye kioo cha wateja. Wakicheka pamoja, wakipiga makofi pamoja. Mama alitulia roho, maana huyo hana mafua.

Sasa wifi yake, mtu asiyejua kupaka maneno mafuta, akamwambia kwamba mtoto akiona watoto wa wateja anajificha, na kwamba yeye fundi analea mfungwa. Fundi alinuna siku mbili. Ya tatu akambeba mwanawe hadi chumbani kwa wifi, akamweka mkekani mbele ya kibinti cha wifi, rika la mwanawe. Akakaa karibu, mikono tayari.

Mtoto alinyoosha kiganja, akakibandika bapa usoni kwa kibinti, kama alivyozoea kwenye kioo. Lo, uso una joto! Tena haukumwiga. Kibinti kilimkamata kidole, kikakitia mdomoni. Mtoto akaduwaa, akachungulia nyuma ya mwenzake kutafuta kioo kilipo. Hapo fundi aliona haya na uchungu kwa pamoja: mwanawe hakujua kama kuna watoto wa kuguswa.

Mara kibinti kikakohoa.

Kufumba na kufumbua fundi alishamnyakua mwanawe, yuko mlangoni. Na mtoto, ambaye hata kulia kwake kulikuwa kwa upole, alipiga yowe, mikono yote miwili imenyooshwa kuelekea mkekani.

"Amepaliwa na mate tu, wifi," mwenyeji alisema taratibu.

"Huyu naye akiondoka kama wa kwanza, na mimi nimekwisha," fundi alisema.

"Najua. Kaa tuwaangalie wote wawili."

Fundi alisimama pale kitambo, mtoto akimpiga mateke ubavuni. Kisha akarudi, akamweka chini. Mtoto akarudisha kidole chake mdomoni kwa kibinti, mwenyewe, akacheka. Fundi alikuwa ameinama, sikio kifuani kwa kibinti, anasikiliza.