Springi za Watu Kumi na Wanane

Kijiji cha Brakchan kina magari matatu, kwa hiyo Taki alikuwa na mahasimu wawili tu, na hata hao hawakuwa na la kumsema. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameshuka na kupanda bonde la Braldu, mwendo wa saa saba kwenda mji wa Shigar na wa saa nane kurudi, bila kumwangusha mtoni hata kuku. Alikuwa mfupi wa mabega mapana, na kwenye kona mbaya alilisemesha gari lake kwa upole kama mtu anayembembeleza mkwe aliyesusa. Gari lenyewe lilikuwa landkruza kuukuu, wazi nyuma, mlango mmoja wa kijani na mwingine wa rangi ambayo hakuna aliyekubali kuitaja. Watu kumi na wanane walienea humo pamoja na magunia ya viazi, na siku ya soko hakukosekana mbuzi.

Jambo moja tu lilimkaa Taki kooni. Mama yake mzazi, Ama Hakima, alikuwa hapandi gari lake, na mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja.

Ilianza kwa heshima. Kwetu mtu akimpandisha mama yake kipandoni, hamchanganyi na mizigo. Baba yake Taki alipomchukua mkewe kwa farasi hakuruhusu hata mfuko wa chumvi utundikwe kwenye tandiko. Basi Taki alipomshusha mama yake Shigar kwenye harusi ya mtoto wa dada yake mama, aliliosha gari, akatandika godoro kiti cha mbele, akaondoka na mama peke yake. Abiria waliosimama njiani aliwapungia mkono tu. Wakamwelewa, wakamsifu. Mtoto wa namna hii, walisema, wamebaki wachache.

Ama Hakima alifika Shigar akiwa hawezi kusimama wima. Siku tisa alilala chali nyumbani kwa dada yake Batul, akiisikiliza harusi ukutani. Kurudi alikataa gari, akapanda kwa miguu na punda siku tatu, na alipofika mlangoni kwake akasema hatalipanda tena gari lile mpaka atakapofungwa sanda, maana hapo mgongo hautauma.

Batul naye alikasirika. Mumewe alikuwa mgonjwa wa kitandani, asingeweza kumwacha akapanda mlima, na dada yake mwenye mtoto dereva hashuki. Mume alipofariki, Batul alikwisha kuapa kwamba hapandi yeye mpaka ashuke Hakima kwanza. Wazee hawa wawili walizaliwa chumba kimoja na kunyonyeshwa kwa zamu, lakini ukaidi waligawana sawa kwa sawa.

Vuli hii, viazi vilipokuwa vikichimbwa, Batul alimsimamisha Taki sokoni Shigar.

"Mwambie mama yako mjukuu wangu wa mwisho anaolewa Alhamisi ya wiki ijayo," alisema. "Nyumbani kwangu hakuna harusi nyingine baada ya hii. Asipokuja sasa, atakuja kunizika, na siku hiyo sitaweza kummiminia chai."

Taki aliufikisha ujumbe neno kwa neno. Ama Hakima alikuwa akisukasuka chai ya chumvi na siagi, mkono ukasimama.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, Ama."

Akaisogeza chai kando. Kisha akasema, "Tengeneza gari lako, Taki. Nataka kwenda. Lakini gari lile kama lilivyo, sipandi."

Tangu siku ile Taki hakulala vizuri. Siku tisa zilibaki, na mama na dada yake hawakuwa na umri wa kuahirisha mambo.

Kwanza alikwenda mjini Skardu, kwenye duka la spea la Hashmat, ambako wenye magari ya watalii hununua vitu vinavyong'aa. Hashmat akamtolea sanduku kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa keki: springi mpya za ng'ambo, laini, na shokapu nne nyekundu. Taki aliziangalia mpaka aibu ikamshika. Bei yake ilikuwa yaki wawili, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, na alikuwa na yaki wawili.

"Zitatuliza gari?" aliuliza.

"Kama kitanda. Unabeba watu wangapi?"

"Kumi na wanane. Na viazi."

Hashmat, ambaye Mungu alimnyima akili ya biashara na kumpa ukweli, alirudisha kifuniko. "Kaka, hizi ni za watu wanne na chupa ya chai. Kwa mama yako peke yake zitafaa sana. Kwa viazi vyako, mwezi haufiki gari linalalia tumbo barabarani."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Amua gari ni la mama au la viazi."

Maneno hayo Taki aliyatafuna njia nzima. Gari la viazi ndilo lililomlisha mama.

Kwa Mardan mhunzi jibu lilikuwa jingine. Mardan alikuwa na karakana chini ya mwamba kando ya daraja, na nyuma ya karakana lori lililokufa zamani, ambalo alikuwa akilikata kidogo kidogo kama jibini. Alijilaza chini ya landkruza, akagonga vile vyuma bapa vya springi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, akacheka kwa sauti ambayo Taki hakuipenda.

"Nani alikufungia hizi?"

"Aliyeniuzia gari."

"Alikuwa anakuchukia. Vimeshikana kutu, havichezi. Hapa huna springi, una reli. Nunua basi hizo nyekundu ulizonisimulia, ukapige nazo picha. Au niachie siku nne nikuundie kwa vyuma vya lori lile: nivifue upya, nivipange kwa urefu, nitie grisi katikati. Nakuundia springi za watu kumi na wanane, maana hao ndio unaobeba."

"Fundi, mimi nataka za mtu mmoja."

"Mtu mmoja mnunulie punda."

Kijiji kizima kilikuwa na maoni, kama kawaida ya watu wasiotoa senti. Waliotaka anunue walisema mama ni mmoja, yaki hununuliwa tena. Waliotaka aunde walisema kitu cha dukani kikikatika njiani nani atakiunga, wakati cha Mardan utamkuta Mardan. Taki aliwasikiliza wote, akaenda zizini kuwaangalia yaki wake usoni, akarudi. Siku ya tatu alimpelekea Mardan gari. Alijiambia kwamba fundi akifanya kazi nzuri, chuma hakitajua ni mtu mmoja au kumi na wanane.

Mardan alifanya kazi nzuri. Hilo hata mke wake alikiri, na yule si mtu wa kukiri mambo.

Jumatatu asubuhi Taki aliazima mayai thelathini nyumba kwa nyumba, akayapanga kwenye trei juu ya godoro la kiti cha mbele, mahali pa Ama, akaendesha peke yake mpaka daraja la pili na kurudi. Aliendesha kama anayebeba roho yake mwenyewe. Watu walikuwa wamejikusanya kumsubiri. Alipofungua mlango ule wa kijani, ute ulimtangulia kushuka.

Mayai tisa yalikuwa mazima.

Mchana ule Brakchan ilikula mayai kwa mkate wa shayiri, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kuku. Taki hakula. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake akiwa ameshika kichwa, na aliona uchungu kweli, kwa kuwa sasa hakukuwa na siku nne nyingine. Akaamua alfajiri atawaswaga yaki wote wawili kijiji cha jirani, akawauze, arudi na lile sanduku la Hashmat. Viazi vitajua vyenyewe.

Ama Hakima alimtazama kutoka dirishani, kisha akavaa shali lake akaenda nyumba ya tatu, kwa bibi mwenzake, Api Bano. Huyo Bano alimzidi miaka minne, na kila Jumamosi alishuka Shigar na gari la Taki kuuza siagi.

"Bano, ukishuka Shigar mgongo haukuumi?"

"Uniume kwa kazi gani? Mimi nalala. Naamshwa na kelele za sokoni."

"Gari hili hili la Taki?"

"Hili hili. Lile bovu, kabla Mardan hajalishika. Nani alikwambia linaumiza?"

"Mgongo wangu uliniambia."

"Ulipanda na nani?"

"Peke yangu. Kama malkia."

Bano aliweka chini kiazi alichokuwa akimenya. "Mwenzangu, ulipanda gari tupu? Gari tupu hata mwanao halipandi. Akikosa abiria hutia mawe nyuma."

Ama Hakima alirudi nyumbani kwa mwendo ambao Taki hakuwa ameuona kwake kwa miaka mingi, akasimama mbele ya ngazi.

"Taki, ukikosa watu unatia mawe garini?"

"Naam, Ama."

"Kwa nini?"

"Gari litulie. Springi zake zinataka uzito. Bila uzito linarukaruka."

"Na siku ile uliyonipeleka kwa Batul, ulitia mawe?"

Taki aliinua kichwa. "Ama, nikuweke wewe na mawe?"

"Ulitia viazi?"

"Ama yangu, viazi tena? Ningetazamwaje na watu?"

Ama Hakima alimtazama mtoto wake huyu, dereva hodari wa bonde zima, aliyejua tangu ujana jinsi ya kulituliza gari kwa ajili ya gari. Alitaka kukasirika, kicheko kikamwahi. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi kando yake, akifuta macho kwa ncha ya shali, na machozi yenyewe hayakuwa ya kicheko yote.

"Miaka kumi na moja, Taki," alisema. "Heshima yako imeninyima dada yangu miaka kumi na moja."

Taki alimshika mkono, akaubusu, akaubakiza mkononi mwake. Mardan alipoitwa aje athibitishe, alikunja mikono kifuani akasema yeye tangu mwanzo alitaja watu kumi na wanane, na kama kuna aliyesikia mmoja basi aende akachunguzwe masikio.

"Basi pakia," Ama Hakima alimwambia mwanawe. "Kesho kutwa nataka lijae. Na yale mayai tisa usimpe mtu, nayachukua mimi."

Jumatano walipakia. Taki alijaribu mara ya mwisho kumtengea mama nafasi, akafukuzwa. Ama Hakima alikaa mbele, amebanwa kati ya mlango na Api Bano, mayai tisa kwenye kitambaa mapajani, na nyuma yake viazi, siagi, watu kumi na watano na mbuzi wa harusi. Gari liliinama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, likaondoka. Kwenye mashimo ya kwanza Ama Hakima alifumba macho na kushika mkono wa Bano. Gari likazama, likainuka taratibu, likaendelea. Akafumbua jicho moja.

"Ni hivi tu?" aliuliza.

Bano alikwisha kusinzia.

Kuanzia hapo alizungumza mpaka Shigar. Alitaja kila shamba na mwenye shamba na kosa la mwenye shamba, na Taki aliendesha huku akitabasamu kama mjinga, bila kulisemesha gari hata kwenye kona.

Batul alikuwa uani akisimamia masufuria. Aliposikia honi hakugeuka, maana alikuwa amejizuia kutumaini. Aligeuka aliposikia sauti ikimwambia chai ile imezidi chumvi kama siku zote. Hakima alikuwa amesimama langoni, wima, na kitambaa mkononi. Batul aliangusha mwiko. Walikumbatiana kwa nguvu za wanawake waliobeba kuni maisha yao yote, na mayai yote tisa, yaliyovuka bonde zima la Braldu bila ufa, yalivunjikia kati yao. Waliendelea kushikana hivyo hivyo, ute ukiwatiririka nguoni, wakilia na kulaumiana kwa wakati mmoja.

Harusi ilikwisha Jumapili. Jumatatu Taki alileta gari langoni, limeoshwa. Watu wa Brakchan walikuwa wamekwisha kurudi na magari ya wale mahasimu wawili, viazi vilikuwa vimeuzwa, na kwa mazoea ya mkono tu alikuwa ametandika godoro.

Ama Hakima alichungulia nyuma. "Wenzangu wako wapi?"

"Nitatia mawe, Ama."

"Mawe hayana hadithi."

Akakaza shali kiunoni, akaenda kusimama njia panda ya soko, na yule mama ambaye zamani barabara nzima ilipungiwa mkono kwa ajili yake akaanza kupiga debe. Braldu, Braldu, aliita, gari la mwanangu, springi mpya, ukilala hakuna atakayekuamsha. Wakaja wapagazi, wakaja wauza chumvi, akaja mwalimu na jiko lake la chuma. Taki alihesabu. Kumi na saba.

"Bado mmoja," alisema Ama Hakima, akamgeukia dada yake, aliyekuwa amekuja kuaga.

Batul alilitazama gari, akaitazama njia ya mlimani, ambayo hakuwa ameipanda tangu mumewe augue. Hakuwa mwembamba.

"Mimi nitahesabiwa wawili," alisema.

"Ndiyo vizuri zaidi," Taki alisema. "Panda, mama mkubwa. Usipokuwepo, litaturusha."

Akalikunja lile godoro, akalitupa nyuma wakalie wapagazi, na dada wawili wakabanana mbele.